Katunge wa Chaani

Nilifika Mombasa nikiwa na siku thelathini na sita bila kulia. Sisemi hivyo ili mnihurumie. Nasema kwa sababu mama yangu alikuwa ameanza kuniuliza kila asubuhi kama macho yangu yana ugonjwa.

Ikiwa gazeti la wiki jana, lenye mwanzo wa habari hii, lilifungia mtu nyama kabla hajalisoma, ashike haya machache. Kaka yangu Muli, fundi mawe, aliangukiwa na ukuta kule Athi River. Tulimzika nyumbani Masii, pembeni kabisa, karibu na ua wa mkonge, mahali wanapolazwa wanaume ambao hawakuoa. Alikuwa mwana wa kiume wa pekee. Baba yetu alishatangulia zamani. Mama yangu, Katunge, mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya, alikaa kimya siku tisa. Siku ya kumi akatangaza kwamba ataoa.

Ndiyo. Mama yangu ataoa.

Wakamba wenzangu mnajua ninachosema. Wengine nawaeleza. Mama asiye na mwana wa kiume, au aliyempoteza, anaweza kuoa msichana kwa jina la yule mwana. Msichana huyo huitwa iweto. Atazaa na mwanamume anayemtaka, lakini watoto watakuwa wa marehemu, na boma halitafungwa.

Mchungaji alikuja kumwambia Mama kwamba huo ni upagani. Mama akamuuliza Hajiri aliingiaje kwa Ibrahimu. Mchungaji akamaliza chai yake, akaenda.

Msichana alishapatikana. Kalunde, miaka kumi na tisa, yatima, wa wale Wakamba waliohamia Shimba Hills. Baba yake mkubwa yuko pale pale Masii, na mbuzi watatu wa ntheo walikuwa tayari wamefungwa nyuma ya jikoni letu, wakingojea Jumapili. Ntheo ndiyo ndoa yenyewe. Bila wale mbuzi, hata mkizeeka pamoja, kwetu hamjaoana. Wakishapokelewa, mwanamke ni wa boma lililowaleta, na mtoto wake pia.

Mimi nilitumwa kumleta Kalunde. Nilipanda basi pale Kyumbi Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi nilishuka Changamwe.

Gari la Shimba Hills ni moja tu kwa siku, linatoka Likoni saa tisa. Nilikuwa na saa nane za kukaa bure katika mji nisioujua, na anwani moja ya Chaani kwenye karatasi. Anwani ya Kasyoka, niliyopewa na mamake.

Kasyoka binti Nzomo, wa Muthetheni. Tulikalia dawati moja tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Tulitumia sabuni moja. Kisha mwaka wa tisini na mbili aliondoka kwao bila kuniaga, na kila barua niliyomwandikia ilikwenda ikapotea. Nilisema mji umempandisha kichwa. Nilisema hivyo kwa watu wengi.

Alifungua mlango akiwa na pini tatu mdomoni. Alikuwa akishona sare za shule. Zilikuwa zimerundikwa hadi dirishani.

"Uvoo waku?" nikamwambia.

Hakujibu kwamba habari ni njema. Alitoa pini moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kola ya gauni lake.

"Umefuata nini?"

"Gari langu ni saa tisa. Nimesema nipitie nikuone."

"Umesema upitie," akarudia. "Miaka minne. Kama mtu anayepitia chumvi."

"Barua zangu hukujibu."

"Nilizipata. Ingia, basi. Usinisimamie mlangoni kama wakala wa nyumba."

Niliingia. Sakafuni palikuwa na mtoto wa kike, miaka mitatu na kitu, akipanga vizibo vya soda kwa mstari. Alininyanyulia macho, akarudi kwenye kazi yake.

"Wako?"

"Wangu. Anaitwa Joy."

"Na babake?"

"Dereva wa malori. Alikufa."

Alisema kama mtu anayetaja kituo cha basi. Nikasema pole. Nikangoja na yeye aniambie pole, kwa sababu mamake alikuwa kwenye mazishi ya Muli, alikula githeri yetu, na habari hufika. Hakusema. Aliweka sufuria kwenye stovu.

Chai ilikuja. Niliinywa. Ndipo Kasyoka akanyoosha mkono akaninyang'anya kikombe.

"Nthambi! Hiyo imetoka motoni sasa hivi. Huoni ulimi unaungua?"

"Sijasikia."

Alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu nifike. Sijui aliona nini. Alinipulizia chai ile mpaka ikapoa, akanirudishia. Cherehani ikaanza tena.

Karibu na saa tano akaniambia ana jambo.

"Jumamosi hii naolewa. Naenda nyumbani kesho."

"Na nani?"

"Gatimu. Ana duka la vipuri vya malori hapo barabarani. Watu wao wako Matuu, wamekaa Yatta tangu babu yao. Ni Mkikuyu, lakini anasema Kikamba kuliko wewe. Analeta ntheo kwa baba Jumamosi asubuhi."

"Hongera."

"Unasema hongera kama unasoma risiti."

"Ndiyo sauti niliyonayo, Kasyoka."

"Anakuja kula saa sita. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiongee sana."

Ningeongea nini? Sikujua chochote. Hilo nataka mlikumbuke wakati mnanihukumu: hadi saa sita mchana mimi nilikuwa mgeni aliyekunywa chai.

Gatimu alikuja na paja la mbuzi ndani ya gazeti. Ni mtu mnene kidogo, wa miaka arobaini hivi, mwenye mafuta ya gari kwenye kucha na kicheko kinachotangulia maneno.

"Shemeji! Karibu Mombasa. Joto ni la bure, hayo mengine tunalipa. Wewe ni wa Masii? Aiya, basi Jumamosi utakula nyama yangu. Niko na mbuzi watatu kwa ndugu yangu Njogu, Matuu. Beberu mmoja ana ndevu za diwani. Njogu anasema akilia, majirani wanadhani mkutano umeanza."

Hata Kasyoka alicheka. Mimi nilinyoosha midomo.

"Na huyu amekusalimia?" Akamgeukia mtoto. "Katunge! Kuja hapa. Katunge, mpe mgeni mkono."

Cherehani ilinyamaza.

Mtoto akaja akanipa mkono, una vumbi la vizibo. Na mdomo wangu, ambao haukuwa umefanya kazi ya maana kwa mwezi mzima, ukajifanyia kazi wenyewe.

"Uvoo waku, mwaitu?" nikamwambia.

Kwetu, mtoto mwenye jina la mamako humwiti kwa jina. Ni mwaitu, mama yangu. Hata kama ana kamasi. Huhitaji kufikiri, unalelewa ukisema hivyo, kama vile unavyoinama ukipita mlango mfupi.

Gatimu akapiga paja lake. "Mwaitu! Kumbe mama yako pia ni Katunge?"

"Kina Katunge ni wengi," nikasema. "Ukirusha jiwe sokoni Masii, unampata mmoja."

"Kweli. Huyu wetu ni wa yule nyanya yake Kasyoka, mamake mzee Nzomo. Kazi ya jina la shule mimi sitaki. Joy ni nini? Joy ni ya daftari. Mimi namwita Katunge. Wewe ulimjua yule nyanya?"

Nilimjua. Nilimtekea maji likizo tatu. Aliitwa Kalekye.

Nilimtazama Kasyoka. Alikuwa ameshika kitambaa cha bluu kwa mikono miwili, na pini zilizokuwa kwenye kola yake zilikuwa zikipanda na kushuka.

"Nilimjua," nikasema. "Alikuwa mzuri."

Sijui kwa nini nilimsaidia. Labda kwa sababu ya ile chai.

Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa babake. Hakuna Mkamba asiyejua. Nilianza kuhesabu miezi kurudi nyuma, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani kwa kugusa. Mwaka wa tisini na mbili. Kasyoka anaondoka. Muli anarudi nyumbani siku moja, analala siku mbili bila kula, anasema ni malaria.

Gatimu alikuwa bado anaongea. Alikuwa akinieleza habari za Njogu.

"Ndugu yangu alioa mama mwenye mtoto. Akalea. Akalea mpaka darasa la saba. Siku ya matokeo wakaja watu watatu na kofia: 'Tumekuja kuchukua mtoto wetu.' Na mtoto akaenda! Njogu mpaka leo hapiti karibu na ile shule. Ndio mimi nikaapa, shemeji. Mtoto mwenye kwao mimi sigusi. Kasyoka akaniambia wake hana kwao, babake alikufa na hakuwa na mtu. Nikasema sawa. Jumamosi mbuzi wakiingia kwa Nzomo, huyu ni Katunge wa Gatimu, na hakuna kofia itakuja kuniuliza."

"Hakuna," akasema Kasyoka.

"Soda iko? Nyama bila soda ni matanga. Ngoja nilete, na nifunge duka kidogo."

Akatoka akipiga mluzi.

Kasyoka alimpeleka mtoto kwa jirani wa chumba cha tatu. Akarudi, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Sema," akaniambia.

"Ni wa Muli."

"Ni wa Muli."

Sikuhisi kitu. Nawaandikia hivi kwa sababu mtataka kusikia kwamba nilianguka, au nilipiga kelele. Niliona tu kwamba nyama ilikuwa imelowesha gazeti, na nikaitoa nikaiweka kwenye sinia.

"Umejua lini kwamba amekufa?" nikamuuliza.

"Siku ile ile mlipotangaza. Redio iko hapo juu ya kabati. Nilikuwa nampa uji. Wakasoma: 'Muli Nzioka, mwana wa Katunge wa Masii. Hakuacha mke wala mtoto.' Mtoto akaniuliza mbona nimesimamisha kijiko." Akavuta pumzi. "Tangazo la watu wengine lilikuwa la maneno mengi, ya kurudiarudia. Lenu lilikuwa zuri. Fupi. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Nilijua. Nikasema huyo ni Nthambi, hana neno la bure."

"Kasyoka, mimi sikujua. Muli hakuniambia."

"Angekuambiaje?"

Akaenda kwenye cherehani. Akavuta droo ndogo ya nyuzi, akatoa nyuzi zote akaziweka mezani, na chini yake akatoa bahasha. Mwandiko niliutambua kabla hajaifungua. Ulikuwa wangu.

Hapa ndipo nawaomba msome taratibu.

Mwaka ule Muli alimwambia Mama anataka kupeleka ntheo kwa Nzomo. Mama hakumjua Kasyoka. Akaniandikia mimi chuoni, Machakos: wewe ulisoma na huyu msichana, ni mtu wa namna gani? Nikamjibu kwa Kikamba, sentensi tatu. Ya kwanza salamu. Ya pili kwamba mitihani iko karibu. Ya tatu kwamba Kasyoka ni muoi.

Kikamba kina mui na kina muoi. Mui ni mtu mwenye akili. Muoi ni mchawi. Tofauti ni herufi moja.

"Muli alinionyesha," akasema Kasyoka. "Alikuja nayo Muthetheni, ameikunja mfukoni. Nikamwuliza mamako anakataa kwa nini, akanipa nisome. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Unajua kwetu mtu akiitwa hivyo inakuwaje. Ningengoja watu wengine wasikie? Nikapanda basi."

"Herufi iliniponyoka," nikasema. "Nilitaka kuandika mui."

"Ilikuponyoka?"

"Ndiyo."

"Wewe? Nthambi wewe? Uliyemsahihishia hedimasta hotuba yake mbele ya wazazi wote, amesimama na tai?"

Nikaanza kuzirudisha nyuzi kwenye droo, moja moja.

Yeye nilimdanganya. Nyinyi siwadanganyi. Herufi haikuniponyoka. Muli alikuwa na desturi ya kuja kuniona chuoni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, na mkate, na karanga za Mama. Mwaka ule aliacha. Jumamosi zake zilikuwa zikienda Muthetheni, na mkate wangu pia. Nyumbani kwetu, kijana akimganda msichana tulikuwa tukicheka kwamba amerogwa. Basi nikaandika muoi, nikicheka peke yangu kwenye kitanda cha bweni, na nikiwa na uchungu. Nilidhani Mama atacheka. Mama hajui kucheka kwenye karatasi. Kwake kilichoandikwa kimeandikwa.

Na Muli hakuwahi kuniuliza. Miaka minne alinisalimia vizuri tu.

"Na bado ukampa mtoto jina lake," nikasema. "Jina la mwanamke aliyekuita mchawi."

"Ningempa lipi?" Alishangaa kweli, kama nimeuliza mbona maji yamelowa. "Ndiye nyanya yake. Mtoto ana makosa gani hata nimnyime nyanya? Nilisema, mtu wa pwani atajuaje. Nikasema nitamwita Joy. Halafu nampata Mwafrika mmoja katika Mombasa nzima, Mkikuyu, anayetaka majina ya nyumbani!"

Tulicheka. Naapa tulicheka, sote wawili, kwa muda mfupi sana.

Kisha nikamweleza nilikokuwa nikienda. Nikamweleza habari za Mama, mchungaji, Kalunde, mbuzi watatu nyuma ya jikoni. Kicheko kilimtoka usoni taratibu.

"Mamako anaoa," akasema, "ili apate mtu wa Muli."

"Ndiyo."

"Na mtu wa Muli yuko chumba cha tatu anapanga vizibo."

"Ndiyo. Na kuna msichana wa miaka kumi na tisa amefunga nguo zake anangoja nimpeleke akaolewe na kaburi, wakati hakuna haja."

"Basi unataka nikaolewe nalo mimi."

"Sijasema hivyo."

"Umesema. Ukiwa umenyamaza huwa unasema zaidi. Nisikilize, Nthambi. Kwanza, ni msichana. Mamako anataka mwanamume, huyu hatamhesabu."

"Ana jina lake. Atamhesabu."

"Pili, mimi nataka mume anayerudi saa sita na nyama. Nimemngoja kakako miaka miwili hapa. Alikuja mara mbili. Mara ya pili alimbeba mtoto, akamtazama, akaniambia, 'Anafanana na Mama,' akaanza kulia, akaenda. Aliogopa mamako mpaka ukuta ukamwangukia. Sitaki kuogopa pamoja naye akiwa chini."

Alikuwa na haki. Nilijua ana haki. Nilikuwa nikimwona Mama ameketi kwenye kigoda, akiimba sauti ya pili peke yake, bila ya kwanza.

Kasyoka akaja akaketi mbele yangu. Akaweka barua katikati yetu, juu ya meza, akailainisha kwa kiganja.

"Tumalizane," akasema kwa sauti ya chini. "Niombe msamaha. Kwa mdomo wako. Useme uliandika uwongo, na kwa sababu hiyo nilizaa ugenini kama mtu aliyefukuzwa. Useme, mimi nitakusamehe, nakuapia. Halafu chukua mfuko wako uende Likoni. Ulikuja, ukanywa chai, ukaona Joy wa dereva. Jumamosi naolewa. Hutamwambia mamako, wala mimi sitakukumbusha hii karatasi tena. Sema tu."

Ilikuwa saa saba na nusu. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwepo, nililiona. Ni neno dogo, na ningelisema vizuri, mimi huyasema maneno vizuri. Lakini alikuwa ameshanieleza bei yake. Nikisema samahani, nimeuza mtoto wa Muli kwa samahani.

"Msamaha wa nini?"

Gatimu alikuwa amesimama mlangoni na chupa nne za soda kifuani.

Alinitazama mimi, akamtazama Kasyoka, akaitazama barua. Kicheko chake, ambacho hutangulia, hakikuja.

"Kasyoka. Msamaha wa nini?"

"Mambo ya shule," akasema Kasyoka. "Ya zamani."

"Shemeji?"

Angeniita jina lingine lolote, labda ningenyamaza.

"Katunge ni mama yangu," nikasema. "Nyanya yake Kasyoka aliitwa Kalekye. Huyo mtoto ni wa kaka yangu Muli, tuliyemzika mwezi jana. Ana kwao. Kwao ni Masii."

Kasyoka hakulia wala hakunipiga. Alifunika uso kwa ile sare ya bluu.

Gatimu aliziweka zile soda mezani, moja, moja, moja, moja. Akaketi. Alifikiri kama mtu wa biashara anavyofikiri, macho yakiwa kwenye ukuta.

"Mmetoa ntheo kwa Nzomo?" akaniuliza.

"Hapana."

"Hata mbuzi mmoja?"

"Hata mmoja."

"Mko nao?"

"Watatu. Wamefungwa nyuma ya jikoni."

"Masii." Alikuwa akipima njia. "Masii na Muthetheni ni jirani. Mtu anaamka na mbuzi asubuhi, saa nne amefika. Matuu ni mbali."

"Ni mbali," nikakubali.

"Mimi niliapa, mtoto mwenye kwao sigusi."

Kasyoka akateremsha kile kitambaa. Nilimwona anavyomtazama, na nikajua kwamba sekunde hiyo ilibeba yote aliyonayo: ile nyumba, ile nyama, yule mtu.

Gatimu akainuka. Akafuta kiganja kwenye suruali.

"Lakini huyu nimeshamgusa," akasema. "Ameshalala hapa begani kwangu na homa, siku tatu. Dukani niko na simu. Shule ya upili ya pale karibu na Njogu pia iko nayo, watamwita. Mbuzi wangu wanaweza kutembea leo. Hawatangoja Jumamosi."

Akatoka. Safari hii hakupiga mluzi.

Tukabaki wawili. Nje, kutoka chumba cha tatu, mtoto alikuwa akiwahesabia watu vizibo vyake, akiruka nne kila mara.

Kasyoka alisema bila kunitazama, "Kuna basi la kwenda kwenu, la saa nane na nusu, linapita Changamwe. Nakujua. Utalipanda, mbuzi wenu watangulie."

"Nitalipanda."

"Na yule msichana wa Shimba Hills? Atakaa barabarani na mfuko wake?"

Nilichukua mfuko wangu, nikautia begani.

"Nthambi." Sasa alikuwa analia. "Una makosa matatu kwangu. Barua. Redio. Na haya ya leo, mbele ya mwanamume wangu, ndani ya nyumba yangu, na chai yangu bado iko tumboni mwako. Chagua moja tu. Niombe msamaha kwa moja tu, nisikie kama wewe bado ni mtu."

Nilifika mlangoni. Niligeuka, kwa sababu ni adabu kumtazama mtu unapomjibu.

"Siombi," nikamwambia.